mtr: programu ya bure iliyoniepusha na meli ya Nansio, na siku iliponiacha gizani

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, simu iliita chapati ikiwa bado mkononi. Alikuwa dada wa dirishani, tawi la Nansio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, habari za huko?"

"Huku si kwema. Mfumo mzito tangu tumefungua. Mwanachama anasubiri dakika tano salio lake lionekane, na nyuma yake wamepanga foleni hadi nje."

Nikamuuliza kama taa za ruta zinawaka. Akasema zinawaka, tena zinapepesa kama disko la harusi. Hapo kwenye disko ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka, nikamalizia chapati.

Nahudumia mtandao wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Makao makuu yako Mwanza mjini, matawi yako Sengerema, Magu na Nansio kule Ukerewe. Kila tawi limefungwa na Mwanza kwa handaki: pakiti ya ofisini inatiwa ndani ya pakiti nyingine kama barua ndani ya bahasha, inapita kwenye intaneti ya watu wote, ikifika upande wa pili bahasha inachanwa na barua inaendelea na safari. Sengerema na Magu naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nansio ni meli, zaidi ya saa tatu majini, na ukichelewa ya kurudi unatafuta pa kulala. Kwa hiyo chombo chochote cha kazi nakipima kwa swali moja tu: kitaniepusha kupanda meli?

Chombo ninachokiandikia leo ni mtr. Hakiuzwi. Kilianzishwa na Matt Kimball mwaka 1997, na mwaka uliofuata Roger Wolff akakichukua na kukiendeleza. Herufi M hapo mwanzo ilikuwa ya Matt mwenyewe, baadaye ikageuzwa kuwa "my", yangu. Kwenye Ubuntu na Debian unakipata kwa amri moja, na ukitaka kisicho na madirisha wala mapambo chukua mtr-tiny. Mimi siku zote nachukua hicho kidogo, maana kompyuta nyingi ninazoingia ziko mbali na sina haja ya picha.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Kila pakiti ya IP hubeba namba ya uhai iitwayo TTL. Kila ruta inayoipitisha hupunguza moja, na ikifika sifuri, ruta iliyoishikilia huitupa na kumwandikia aliyeituma: pakiti yako imefia kwangu. mtr inatuma pakiti yenye uhai wa 1, halafu 2, halafu 3, hadi 30 usipoigusa, na kila anayeandika barua ya msiba inamweka kwenye orodha. Traceroute ya kawaida hufanya hivyo mara moja na kunyamaza. Hii inarudia kila sekunde na skrini inabadilika ukiitazama: pakiti ngapi zimetumwa kwa kila kituo, ngapi hazikujibiwa, ya haraka kabisa, ya polepole kabisa, wastani. Ni kama kusimama barabarani siku nzima ukihesabu daladala, badala ya kupiga picha moja na kusema leo hakuna foleni.

Basi, Jumatatu ile. Kutoka seva ya Mwanza nikaipima kompyuta ya dada wa dirishani. Njia ilikuwa fupi na sahihi, ruta ya Mwanza, ruta ya Nansio, kompyuta yake. Ila muda wa kwenda na kurudi, ambao kwa kawaida hauzidi milisekunde 60, ulikuwa umepita 900. Handaki limejaa. Limejaa nini? Tawi zima la Nansio lina kompyuta saba na mashine moja ya kuchapa.

Kwenye ruta ya Mwanza nikafungua tcpdump kuangalia kinachopita ndani ya handaki. Skrini ikamwagika. Pingi tupu, zile pakiti za kuuliza "upo?", zinakwenda kwenye anwani ambazo hazipo: 10.30.77.9, 10.30.77.10, 10.30.77.11. Nikachukua moja, nikaiwekea mtr bila kutafuta majina:

mtr -n 10.30.77.9

Ndani ya sekunde tatu mistari 30 ikajaa skrini. Kituo cha 1, 10.10.0.1. Cha 2, 10.255.0.2. Cha 3, 10.10.0.1. Cha 4, 10.255.0.2. Vivyo hivyo hadi chini, Mwanza, Nansio, Mwanza, Nansio, kama watoto wawili wanaorushiana mpira na hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kuushika. Hicho ndicho kitanzi. Sijaona programu nyingine inayokionyesha wazi namna hii kwa mtu asiye na utaalamu wowote. Ungeweza kumwonyesha mwenyekiti wa chama na angeelewa.

Sababu ilikuwa mimi. Nansio niliipa kitalu chote cha 10.30.0.0/16, anwani 65,536, kwa ukarimu wa mtu asiyelipia. Wanatumia vipande viwili tu vya anwani 256 kila kimoja. Ruta ya Mwanza inajua: chochote kinachoanza na 10.30 peleka Nansio. Ruta ya Nansio inajua vile vipande viwili, na kwa kila kitu kingine ina njia ya jumla inayorudi Mwanza kupitia handaki, kwa sababu uongozi ulitaka intaneti yote ya tawi ipite kwenye ukaguzi wa makao makuu. Sasa mpe pakiti ya 10.30.77.9. Mwanza anasema hiyo ya Nansio. Nansio anasema mimi simjui huyo, rudi Mwanza. Wote wawili wanafuata amri, wote wawili wako sahihi.

Na Jumapili jioni, nikiwa na muda, nilikuwa nimeiambia programu yetu ya kuorodhesha vifaa ipekue 10.30.0.0/16 yote kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Fanya hesabu. Anwani zisizotumika ni 65,024. Pingi ya seva ile huanza na uhai wa 64. Ruta ya Mwanza inaipunguza ikawa 63, na kuanzia hapo kila kupungua kwa moja ni safari moja ya kuvuka handaki. Pingi moja, mivuko 63. Zote kwa pamoja zinakaribia mivuko milioni 4.1, na kila mvuko ukiwa na bahasha yake ya GRE (handaki lenyewe) na IPsec (kufuli lake la siri) ni baiti 150 na ushee. Zaidi ya megabaiti 600 za upuuzi mtupu, achilia mbali marudio, juu ya laini ya megabiti 4 kwa sekunde. Ndiyo disko la harusi.

Dawa ni mstari mmoja kwenye ruta ya Nansio: ip route add blackhole 10.30.0.0/16. Vile vipande viwili vinavyotumika vina njia mahususi zaidi, kwa hiyo haviguswi. Kilichobaki kinaanguka shimoni badala ya kurudi Mwanza. Nikaupandisha mstari huo kupitia handaki lenyewe, herufi zikitokea moja moja kama zinapigwa kwa taipureta, na milisekunde zikarudi 55. Saa tatu kasorobo foleni ya Nansio ilikuwa imeanza kutembea. Meli sikupanda.

Hapa ningeipa nyota tano nikaondoka, lakini kuna jambo lililotokea katikati ambalo ni haki mlijue. Mistari 30 ilipojaa, jicho langu halikwenda kwanza kwenye anwani zinazojirudia. Lilikwenda kwenye safu ya Loss%, asilimia ya pakiti zisizojibiwa, kwa sababu ndiyo iliyo mbele. Asilimia 87, 90, 93, mistari mingine alama za kuuliza tupu. Nikaona laini imekufa. Nikampigia mtoa huduma wetu wa intaneti, nikasema maneno, na kijana wa watu upande wa pili akanijibu kwa upole kwamba kwao hakuna tatizo. Alikuwa sahihi, na baadaye nilimpigia tena kumwomba radhi.

Asilimia zile zilikuwa za uongo, na uongo wenyewe una sababu nzuri. Ruta nyingi hujiwekea kikomo cha kuandika barua za msiba, vinginevyo mtu yeyote angeweza kuzichosha. Linux, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ruta zetu zote mbili, kwa kawaida huruhusu takriban moja kwa sekunde kwa kila anayeuliza, baada ya chache za mwanzo. Kwenye njia ya kawaida hilo halionekani, maana mtr inamuuliza kila ruta mara moja kwa sekunde. Ndani ya kitanzi, ruta mbili zinaulizwa kwa zamu kupitia mistari 30, yaani kila mmoja mara 15 kwa sekunde. Anajibu mara moja, kumi na nne anakaa kimya. Ukitaka kuhakikisha, punguza mwendo kwa -i 15, uende kuchukua chai, ukirudi utakuta asilimia zimeshuka karibu na sifuri na kitanzi kiko pale pale. Kwenye maelezo ya programu hutalikuta limeandikwa kwa herufi kubwa. Safu ya Loss% katika mistari ya kati inaweza kumgombanisha fundi na kampuni ya intaneti bure. Iamini tu pale upotevu unapoanzia kituo fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Sasa Magu, na huku ndiko nyota moja ilikodondokea.

Tawi la Magu ni jipya na lilikuwa na mpangilio tofauti. Intaneti yao wanatoka nayo hapo hapo, kwenye handaki inapita kazi ya chama tu. Nilikuwa kwenye majaribio, GRE tupu, IPsec bado, na kwa kuwa nimechoka kuandika njia kwa mkono kila tawi likiongezeka, nikawasha OSPF ili ruta zifundishane zenyewe. Nikaiwasha kwenye kila mlango wa ruta, pande zote mbili, kwa mstari mmoja wa kivivu unaosema "zote".

Handaki likaanza kupumua. Sekunde chache lipo, kisha kimya kama dakika moja, kisha lipo tena. Nikafungua mtr kwenda Magu nikiwa na imani yote ya Jumatatu ya Nansio. Ikanipa kituo cha 1, ruta ya Mwanza, na chini yake alama tatu za kuuliza. Handaki likiamka, kituo cha 2 kinatokea, kinajibu mara mbili tatu, kinapotea. Nikabadilisha ukubwa wa pakiti kwa -s nikidhani ni mambo ya MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. Nikajaribu TCP kwa -T. Dakika arobaini nzima nilikodolea skrini ile kama mtu anayesubiri mvua ya Oktoba, na mtr haikuwa na la kuniambia.

Haikuwa na kosa. Kitanzi hiki hakimo kwenye njia ya barua. Kimo kwenye njia ya bahasha. Ruta ya Mwanza ilikuwa inaitangazia Magu, kupitia handaki, kwamba "mtandao wangu wa nje, ule wenye anwani yangu ya intaneti, mnaupata kupitia kwangu". Magu ikasikia. Kabla ya hapo ilikuwa inaifikia anwani hiyo kwa njia yake ya jumla kwenda intaneti. Sasa imepata njia mahususi zaidi, na ruta siku zote hufuata iliyo mahususi. Kwa hiyo bahasha inayopaswa kulibeba handaki ikaambiwa ipite ndani ya handaki. Ni kama kuufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku. Salamu za OSPF, zinazotumwa kila sekunde 10, zikakoma kufika. Baada ya sekunde 40 za ukimya ruta zikahesabiana zimekufa, zikafuta zile njia zilizofundishana, bahasha ikarudi kwenye njia yake ya zamani, handaki likaamka, salamu zikafika, wakafundishana tena ule ule ujinga.

Kwenye ruta za Cisco hali hii ina ujumbe wake wa wazi kabisa kwenye kumbukumbu, TUN-5-RECURDOWN, unaosema handaki limezimwa kwa muda kwa sababu ya njia inayojirudia. Linux haipigi kelele. Ikigundua bahasha inataka kutokea kwenye handaki lile lile, inaitupa hapo hapo bila kumwandikia mtu barua, na mtr huishi kwa barua hizo. Kisichokufa kwa TTL, mtr haikioni.

Kilichonifungua macho ni amri mbili ambazo hazina uzuri wowote. Ya kwanza ni ip route get pamoja na anwani ya nje ya upande wa pili. Handaki likiwa hai inakujibu: kupitia mlango wa intaneti. Likiwa limekata ikanijibu: kupitia gre1. Mstari mmoja, na kesi imekwisha. Ya pili ni ip -s link show gre1, na humo kuna safu iitwayo collsns, migongano, ambayo kila mtu huiruka kwa kuwa ni mabaki ya enzi za nyaya za kugawana. Kwenye mahandaki ya aina hii Linux huitumia kuhesabu bahasha zilizotaka kujipitisha ndani ya zenyewe. Nilitazama namba ile ikipanda kwa kila pingi niliyotuma. Ukiona safu hiyo kwenye handaki lako si sifuri, acha kubishana na mtr.

Kutibu kulihitaji ujanja, kwa kuwa Magu ingeniruhusu kuingia kupitia handaki pekee na handaki halikai. Nilitaka kuchukua basi. Kisha nikajiuliza kwa nini nitibu mgonjwa wa Magu wakati ugonjwa unaambukizwa kutoka Mwanza. Nikazima OSPF upande wangu. Hakuna wa kufundishana naye, hakuna njia potofu, handaki likatulia kama maji ya mtungini. Nikaingia Magu kwa anwani ya handaki yenyewe, nikaandika njia ya /32, anwani moja tu, ya ruta ya Mwanza, ipite kwenye mlango wa intaneti hata dunia ipinduke. Nikafanya vivyo hivyo Mwanza kwa anwani ya Magu. Kisha nikaiondoa milango ya nje kwenye OSPF, ambayo ndiyo dawa yenyewe, ile /32 ni mkanda wa usalama. Nansio haikuwahi kuugua hivi kwa sababu moja: kule njia ya jumla inapita ndani ya handaki, kwa hiyo bila /32 lisingewaka hata siku ya kwanza. Magu iliwaka bila hiyo, nikadhani haihitajiki.

Mambo mengine ya programu hii nitayapitia haraka. Inaonyesha njia ya kwenda tu. Ya kurudi inaweza kuwa nyingine kabisa, kwa hiyo iendeshe kutoka pande zote mbili kabla ya kumlaumu mtu. Ukiwa unaendesha bila -n na huduma ya majina ndiyo imekufa, itakuwa inasuasua na utadhani ni mtandao. Wenye Windows wana WinMTR, inayofanana nayo kiasi cha kutosha. Na isakinishe kila tawi siku unayolifunga handaki, maana siku handaki limekatika ndiyo siku huwezi kuipakua.

Mwaka huu nimeanza kuhamishia matawi kwenye WireGuard, aina nyingine ya handaki, nikianza na Nansio. Pakiti ya kitanzi kama cha Jumatatu ile haifiki mbali huko: Mwanza nimeandika kwamba kutoka Nansio zije tu zenye anwani ya mtumaji ya 10.30, na ile iliyorudishwa ilikuwa na anwani ya seva ya Mwanza, kwa hiyo inakataliwa mlangoni safari ya kwanza tu. Shimo la blackhole nimelibakiza hata hivyo. Na bila shimo hilo, mtr kwenye kitanzi cha namna hiyo inaonyesha vituo viwili na giza, bila ule mchezo wa mpira. Mtu asiyejua atasema laini mbovu.

Pembeni ya ruta ya Nansio nimebandika karatasi yenye amri moja, mtr -rwnc 20 na anwani ya seva yetu, inayotuma mara 20 na kutoa ripoti ya kusimama. Dada wa dirishani ameizoea kuliko mimi. Juzi WhatsApp iliingia saa mbili na dakika mbili asubuhi: picha ya skrini, kituo cha mwisho kimezungushiwa kalamu nyekundu, upotevu asilimia 0, milisekunde 54. Chini yake ameandika, "Fundi shikamoo, leo si mtandao, leo ni seva yako."

Ilikuwa seva.